Jina Lisilotaka Sindano

Nilipokuwa mtoto, macho yangu yakiwa bado mazima, nilijivunia jina ambalo shuleni halikujulikana. Siku ya kupewa jina wazee walitaja marehemu wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, nami nikapiga chafya alipotajwa Tabutany, mama mkwe wa nyanya yangu, ishara kwamba ndiye aliyerudi kwangu. Huyo Tabutany alichomwa na mwiba, mguu ukavimba, akafa. Basi Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, aliamini mwili wangu haupaswi kudungwa kamwe.

Wauguzi wa chanjo ya surua walipofika kanisani kwetu, karibu na Mogogosiek, Kogo alinishika mkono mlangoni mwa nyumba, akamwambia mama:

"Mpeleke Chebet. Huyu niachie."

"Lakini mama, hata watoto wa pasta wanachanjwa," mama akasema.

"Watoto wa pasta hawakuletwa na Tabutany."

Mama hakuzoea kubishana na mama mkwe wake. Akaenda na mdogo wangu tu.

Jioni Chebet alikuwa na homa na mkono umevimba.

"Mkono kama kiazi!" nikamcheka.

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

"Mimi sichomwi. Mimi ni Tabutany."

Asubuhi aliamka akidai uji. Kogo alimtazama, akaniambia, "Umeona? Wewe ungekufa."

Mvua zilipoanza, surua ikaingia kijijini. Mimi na Chebet tulilala kitanda kimoja, tukitumia blanketi moja. Yeye hakupata hata kipele. Mimi nilikohoa, nikawaka moto, vipele vikanijaa mpaka ndani ya mdomo. Kogo alikataza nisiogeshwe, akisema vipele lazima vitoke vyote. Macho yaliposhikana kwa usaha, mama hakuuliza mtu. Alinibeba mgongoni mpaka hospitali, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea.

Huko nilidungwa sindano nyingi, mikononi na mapajani. Kogo alisimama karibu na kitanda, akisema kila mara, "Tabutany, vumilia." Sikufa kwa hata moja.

Lakini jicho la kushoto lilizimika, na la kulia likabaki na ukungu. Ubao wa darasani ukawa kitu cheusi tu. Nilijaribu kuendelea, nikashindwa. Sasa nachuma chai na mama. Majani mawili na chipukizi nayatambua kwa vidole. Chebet yuko sekondari.

Tangu hospitali, Kogo hajaniita Tabutany tena. Hatujazungumza juu ya hilo. Mwaka huu mama alipata mtoto wa kiume, na siku ya chanjo Kogo alimfunga mgongoni akampeleka mwenyewe. Usiku mtoto akapata homa. Nilimsikia Kogo akimbembeleza.

"Kogo, itaisha," nikamwambia. "Ya Chebet iliisha asubuhi."

Alimhamishia mtoto bega la pili.

"Na yako?" akauliza.

Nilimpokea mtoto, nikaweka shavu langu kwenye paji lake, na tukangoja kuche.