Mwaka Niliochaguliwa wa Kwanza

Enzi zetu pale Kandara, Jeddah, wikendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na Alhamisi ikishaadhiniwa Alasiri hakuna mama aliyeweza kumpata mwanawe. Sote tulikuwa nyuma ya jengo la wapangaji, kwenye saruji iliyopasuka, tukicheza mpira wa kikapu. Kikapu chenyewe kilikuwa pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye nguzo. Mpira ulikuwa umeisha vipele vyote, umekuwa kipara, na ukiudundisha unatoa sauti ya mtu anayegonga mlango. Viyoyozi vilitudondoshea maji shingoni, harufu ya maharage na mkate wa tanuri ikitoka dukani kwa Myemeni, na sisi watoto wa Kimombasa, wa Kisudani na wa Kisomali tukigombana kwa Kiarabu kibovu mpaka Magharibi. Watoto wa siku hizi hapa Riyadh wanacheza ndani ya ukumbi wenye baridi, kila mmoja na chupa yake ya maji, na mpira ukitoka nje wanatazamana kuona nani ataufuata. Sisi tulikuwa na mtungi mmoja uliofungwa gunia bichi, na wa kuujaza alikuwa yule aliyechaguliwa wa mwisho.

Maana kuchaguana kwetu kulikuwa jambo zito. Timu ziligawanywa mara moja kwa mwaka, Alhamisi ya kwanza baada ya Ramadhani kuisha na Idi kupita, na ukishachaguliwa, halas, imekwisha, huhami mpaka Idi ya mwaka wa pili. Tulisimama safu moja tumeegemea ukuta. Makapteni walikuwa wawili, Sefu wa kwetu Mombasa, aliyenizidi mwaka mmoja, na Hamdani Msudani. Mmoja alificha kokwa ya tende kwenye ngumi, mwenzake akakisia ni mkono upi, na akipatia ndiye anayechagua kwanza.

Mimi nilifika Jeddah nikiwa na miaka kumi na miwili, wiki mbili kabla ya Idi, tumemfuata baba aliyekuwa karani bandarini. Nilikuwa mrefu kupita kiasi, na baba alikuwa amenunua raba za mtumba zilizonizidi namba mbili, raba za mchezaji hasa, kwa hoja kwamba mguu utazifikia. Sefu alinitazama juu mpaka chini akaniuliza kama nacheza. Nikamwambia kule Mombasa nilikuwa nikichezea shule, na watu wazima wakisimama barabarani kunitazama. Wallahi nilichokuwa nikicheza Mombasa ni gololi.

Siku ya kuchagua, Sefu alipatia kokwa. Yeye na Musa walikuwa chanda na pete. Musa alikuwa Msomali mfupi, mtu wa mkono wa kushoto, na mchezaji bora kuliko sote. Kila mtu alijua nani ataitwa. Musa mwenyewe alishainua mguu kutoka ukutani. Sefu akanitaja mimi. Musa akaurudisha ule mguu polepole, akacheka kidogo, akainama akijifanya anafunga kamba za kiatu. Hamdani hakungoja, akamnyakua.

Basi, mpira wangu wa kwanza niliudaka kwa kifua, na wa pili kwa pua. Tukafungwa Alhamisi hiyo, na iliyofuata, na karibu zote za mwaka ule. Wenzangu wakanibandika jina la Wa Kwanza. Hata Myemeni wa mkate aliniita hivyo. Sefu hakunisema hata siku moja. Alizidi tu kunipa mpira, na kadiri alivyonipa ndivyo mikono yangu ilivyozidi kufa ganzi. Ikawa kila Alhamisi mchana tumbo linaniuma. Mama alinipikia maji ya tangawizi, akaniangalia ninavyoyanywa, akasema, "Njia ya mwongo fupi, mwanangu." Sikuwa nimemwambia kitu, lakini mama zetu wale hawakuhitaji kuambiwa.

Idi ya pili nikachaguliwa wa saba. Wa saba! Nilifurahi hadi nikaona haya. Hakuna aliyekuwa akinitazama tena kungoja maajabu. Miguu ilikuwa ile ile, raba zile zile ila sasa zikinitosha, na nikacheza vizuri, si haba. Lakini Musa hakuwepo ukutani. Mkataba wa baba yake ulikuwa umekwisha kabla ya Ramadhani, wakafunga mizigo wakaondoka, na yeye na Sefu hawakucheza tena upande mmoja. Hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Sasa nina mvi, nafanya kazi Riyadh, na kila Ijumaa kwa chakula cha mchana tunakutana Wakenya wanne nyumbani kwa Mutua, fundi wa mitambo kutoka Machakos. Mutua ana daftari. Kila mwaka timu za kulipwa za mpira wa kikapu za Marekani zinapochagua vijana kutoka vyuo vikuu, yeye huandika nani kachaguliwa wa ngapi, na baada ya misimu miwili tunapiga kura na kumpa alama: je, alistahili, au alipandishwa juu mno? Hakimu mkali kuliko wote nilikuwa mimi. Nimewamaliza vijana wengi nikiwa na mfupa wa kuku mkononi.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya mmoja aliyechaguliwa wa tatu. Chuoni alikuwa moto. Sasa ni mtu wa benchi. Mutua akatuwekea mechi yake kwenye televisheni. Wenzangu wakainua mikono: juu mno, halas. Kamera ikampitia kijana pale mwisho wa benchi, miaka ishirini na mmoja tu, anafungua kamba za kiatu na kuzifunga tena, wala hazikuwa zimelegea. Mkono wangu ukakataa kuinuka.

"Mzee, vipi?" Mutua akauliza. "Kwani umewahi kuona chaguo bovu kuliko hili?"

"Nimewahi," nikasema. "Mimi."

Wakacheka, nikawahadithia. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa akicheka. Mutua akataka kujua kama Sefu alikuja kugundua kwamba nilimdanganya. Sefu yuko Jeddah bado, anafanya kazi bandarini kama baba yangu, na kila Idi tunapigiana simu kutakiana heri. Miaka thelathini na zaidi, hilo sijalitamka. Nilikuwa naogopa kwamba nikilianza tutafika kwa Musa. Mutua akanisogezea simu yangu pale mezani, nikainuka nikampigia Sefu.

Sefu alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua Alhamisi ile ile," akasema. "Mchezaji hadaki mpira kwa pua."

Nikamwuliza mbona basi alizidi kunipa.

Akajibu, "Uongo ulisema wewe, lakini aliyechagua ni mimi. Kila nikikupa nasema labda leo atafunga. Nilitaka nipate la kumwambia Musa."

Nilimwomba radhi, wenzangu wote wakisikia. Akaniambia lake alikwisha kunisamehe tungali watoto.

"La Musa," akasema, "hata mimi bado sijasamehewa."

Nikarudi kuketi. Chakula kilikuwa kimepoa. Enzi zile waliokuhukumu walikunywa maji mtungi mmoja na wewe, na Idi ikifika mnarudi wote ukutani, wa kwanza na wa mwisho, mnaanza upya. Yule kijana wa benchi hana Idi ya pili. Ataitwa wa tatu mpaka azeeke, na watakaomwita hivyo ni watu kama sisi, tulioshiba, tusiowahi kumpa hata pasi moja.

Mutua akachukua kalamu, akauliza basi tumpe alama ngapi. Nikamwambia kijana amwache, alama ampe aliyemchagua. Na kama siku ile kuna mwingine aliyekuwa ameshainua mguu, aandike na jina lake.