Ndege Iliyogawanywa Nyumba kwa Nyumba

Nilipofika kwenye lile shamba la mahindi pale Endasak, ndege haikuwepo. Palikuwa na mahindi yaliyolala, mitaro miwili ya matairi, na doa la mafuta mahali injini ilipokita. Basi. Nilimwambia kijana wa bodaboda azime pikipiki, nikasimama katikati ya shamba. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mkaguzi wa ndege wa serikali alikuwa njiani kutoka Arusha na alisema angefika saa sita.

Mimi ni fundi wa ndege. Hiyo niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya daktari mmoja mzee, ndege ndogo ya viti viwili, fremu ya mabomba ya chuma iliyovishwa kitambaa. Kwa miaka mingi aliirusha mwenyewe kwenda kutibu watu vijijini, mimi nikiitengeneza. Wiki tatu kabla ya asubuhi ile injini ilimzimikia, akaishusha kwenye mahindi, kijijini kwetu kabisa, hatua chache kutoka nyumba niliyozaliwa. Alivunjika mguu. Wachunguzi wa ajali walikuja, wakapiga picha, wakachukua walichotaka, wakasema mabaki sasa ni ya mwenyewe. Lililobaki ni swali moja tu: itaruhusiwa kujengwa upya, au haitaruhusiwa?

Daktari ameshavuka miaka sabini. Alijua, na mimi nilijua, kwamba hakuna atakayempa ndege nyingine. Hiyo ikikataliwa, harushi tena maisha yake yote. Pale hospitalini hakuniuliza kuhusu mguu wake. Aliniuliza kuhusu fremu.

Maana kanuni yenyewe ni ya fremu. Mabawa unaweza kubadilisha, injini unaweza kubadilisha, hata kitambaa chote ukavua ukavisha kipya, na bado ndege ni ile ile. Lakini namba ya ndege iko kwenye kibao kidogo cha bati kilichopigwa ribiti kwenye fremu. Kibao kiwe mahali pake, na fremu isiwe imetengenezwa na mtu asiye na leseni. Ikiwa imetengenezwa hivyo, namba inafutwa.

Nilikimbia hadi nyumbani. Baba alikuwa ameketi nje anapukuchua maharage, ametulia, jambo lililonipandisha hasira zaidi.

"Shikamoo baba. Ndege iko wapi?"

"Marahaba. Umekula?"

"Baba! Ndege!"

"Ipo," akasema. "Yote ipo. Si tumeigawa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Anampa rafiki huyu wawili, yule watatu, mwingine mtamba, hata kijiji cha mbali, ili ugonjwa au mwizi akija asiwamalize wote. Ndege ilikuwa imekaa peke yake shambani, ng'ombe wanajikuna kwayo, watoto wanaipanda, wauza vyuma chakavu wameanza kuulizia. Baba akaita majirani. Wakaifungua ndege anayoitengeneza binti yao kwa spana za baiskeli, kila nyumba ikapewa kipande cha kulinda.

Hakuna karatasi. Orodha alikuwa nayo kichwani, na akanitajia kama anavyotaja ng'ombe wake: bawa la kulia, kwa mjane wa karibu na kanisa, la kushoto, darini kwa mwalimu, propela, chini ya kitanda cha shangazi, mkia, kwa rafiki yake mfugaji, kijiji cha Gendabi. Fremu, kwa mjomba.

Sijawahi kukimbizana na saa kama siku ile. Pikipiki tatu zilitoka, nami nikawa wa nne kwa miguu, napanda na kushuka mtelemko wa mlima Hanang natukana kimoyomoyo. Mjane alikuwa amelifunika bawa kwa blanketi lake zuri. Shangazi alitoa propela iliyopakwa mafuta ya ng'ombe hadi inateleza mkononi, akanieleza kwamba chuma kikilala kikavu kinashika kutu. Nilimshukuru huku nimeuma meno. Mkia ulifika kutoka Gendabi mgongoni kwa pikipiki, na yule mfugaji akafuata na ya pili, kwa sababu hakukubali kuukabidhi bila kuona nani anaupokea.

Saa tano ilikuwa imepita nilipoingia kwa mjomba. Yeye ni mhunzi. Majembe ya nusu ya Endasak yametoka mikononi mwake. Fremu ilikuwa chini ya paa la karakana yake, juu ya magogo mawili, imefagiliwa. Nilipiga magoti moja kwa moja penye kibao. Kilikuwepo! Ribiti zote nne hazijaguswa. Nilicheka peke yangu pale chini, na machozi yakanitoka.

"Njoo uone huku," mjomba akasema.

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kiti cha rubani. Siku ya ajali nilitumiwa picha. Bomba la chini upande wa kushoto lilikuwa limepinda kama kiwiko. Sasa lilikuwa limenyooka. Halina hata wimbi. Juu yake palipakwa rangi ya kijivu iliyobaki kwenye milango ya shule, ambayo, kwa bahati yangu mbaya, ilifanana kabisa na ile ya zamani.

"Umelinyooshaje?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Kwa moto, kwa kitu gani kingine? Nimevukuta siku mbili. Nimesema huyu mtoto akija akute angalau kazi moja imepungua."

Bomba lile kuta zake ni nyembamba kama kucha. Likipashwa moto wa mkaa ovyo, nguvu yake inaondoka, na kwa macho huoni kitu. Nje gari lilikuwa linasimama.

Daktari alishuka kwa magongo, akiwa amenyoa na kuvaa koti lake la kurushia. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye tochi na kioo kidogo cha mkononi. Alisoma kibao. Alifungua madaftari ya ufundi, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaanza kugonga mabomba kwa kucha, moja moja, huku majirani wamejaa mlangoni. Alifika kwenye lile bomba. Akaligonga. Akamulika. Akaenda kwenye la pili.

"Fremu ni nzima kuliko nilivyotegemea," akasema mwishowe. Daktari akanigeukia akitabasamu, na mimi sikuweza kumtazama. "Fundi, saini hapa, tumalize."

Karatasi ilisema: natamka kwamba fremu hii haijapashwa moto, kunyooshwa wala kuchomelewa na mtu asiye na leseni. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilimtazama mjomba, amesimama na kofia kifuani, anasubiri kusifiwa. Nilimtazama daktari. Nikaona hilo bomba likikatika angani, yeye akiwa ndani, anatabasamu vile vile.

"Siwezi," nikasema. "Hilo la kushoto limenyooshwa kwa moto."

Mkaguzi alikwangua rangi kwa kisu, akakuta weusi wa moto, akapiga mluzi wa pole. Alieleza bila ukali. Hawezi kujua moto ulifika wapi. Mabomba yote yameungana. "Lingeachwa limepinda," akasema, "tungekata pale, tukaweka bomba jipya, ikaruka." Nilitamani ardhi inimeze, maana mjomba alisikia kila neno.

Mkaguzi akatoboa ribiti nne, akatia kibao kwenye bahasha.

Daktari alinigeukia. Nilitaka anitukane, ningepumua. "Mimi ningeipanda, binti," akasema tu, kisha akaomba magongo yake.

Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini kanuni haikufuatwa. Niliijaza mwenyewe. Siku ya ajali baba alinipigia simu akaniambia nisiwe na wasiwasi, mali wanaiangalia, na mimi, niliyekuwa nazijua kanuni na ninayewajua watu hawa tangu nazaliwa, nikasema asante nikakata. Niliandika: fundi hakuwaambia wanakijiji wasiiguse.

Mjomba hakusoma. Gari lilipoondoka aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia neno kwa neno, nikaongeza kwamba kosa ni langu, angejuaje. Alikaa juu ya gogo karibu na fremu, akageuza kofia mikononi.

"Hata ungetuambia, tungeigusa," akasema. "Ungetaka tukae nyumbani tunakuangalia, na wewe umepatwa na msiba?"