Bunduki ya Mabomba ya Plastiki

Millicent Akoth hutengeneza vibao vya maduka katika karakana ndogo mtaani Satellite. Akitoka kazini hucheza gemu ya vita vya anga na rafiki yake Stacy, karani wa benki katika mtaa wa Upper Hill. Ndani ya gemu hiyo kuna bunduki iitwayo Mkono wa Tano. Inafyatua risasi, lakini pia inakata chuma, inarusha kamba, na inaziba matundu chombo kinapovuja hewa. Millicent huichagua kila mara, na mara nyingi humaliza mchezo bila kumpiga mtu hata risasi moja.

Yalipotangazwa mashindano ya mavazi ya gemu kwenye ukumbi mmoja katikati ya jiji, aliamua kuiunda. Mabomba ya maji yakawa mtutu, mabaki ya vibao yakawa kitako. Kwenye kifyatulio alifunga swichi: ukikibana kisha ukakiachilia, taa ya buluu inawaka na mota inanguruma. Ilitoka nzuri kupita alivyotarajia, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kitu kinachofanana na bunduki hivi, angekipitishaje mjini?

"Ipake pinki," Stacy alimwambia kwa simu.

"Mkono wa Tano si pinki. Watanicheka."

"Heri wakucheke, Milly."

Hakuipaka. Jumamosi aliiviringisha kwa leso ya kujifunga, akaikumbatia kifuani, mkono mmoja ndani ya kitambaa. Kila alipoona sare ya polisi alivuka barabara. Alikuwa ameshauona mlango wa ukumbi aliposikia leso ikivutwa. Ilikuwa imenasa kwenye uzio wa barabara. Kabla hajageuka ikachanika, ikaanguka yote, bunduki ikabaki wazi.

"Ako na bunduki!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Watu walitawanyika, wengine wakalala chini. Ng'ambo ya barabara, polisi aliyekuwa akilinda benki aliinua bunduki yake, ya kweli.

"Weka chini! Chini, nimesema!"

Millicent alitaka kutii. Kisha akahisi kidole chake kimebana kifyatulio. Akikiachilia, taa itawaka.

"Afande," alisema, sauti ikimtoka nyembamba, "nitaiweka. Lakini nikiachilia itawaka taa na ingurume. Ni taa tu. Ni plastiki, ni ya gemu."

"Usisonge!"

"Sisongi. Nakuambia tu ndio usishtuke."

Macho ya polisi yalikuwa kwenye mkono wa Millicent.

"Haya. Polepole," alisema hatimaye.

Millicent alipiga magoti, akailaza bunduki kwenye lami, akafumba macho, akaachilia. Mota ikanguruma. Alisubiri mlio mwingine. Haukuja.

Polisi alisogea, akaisukuma kwa kiatu. Ikabingirika kama mtungi mtupu. Aliirudisha yake begani, kisha akaketi ukingoni mwa barabara.

"Niko na msichana wa rika lako," alisema. "Ungenifanya nikuue, unajua?"

"Pole, afande. Pole sana."

"Ifungue hiyo kitu."

Millicent aliifungua vipande vipande. Polisi akaubeba mtutu kwapani na kumsindikiza hadi mlangoni, ambako Stacy, aliyekuwa akimngoja, alikuwa akilia. Alikuwa ameona yote.

Ndani, baada ya kurudishiwa mtutu, Millicent aliiunganisha tena bunduki. Jukwaani, mtangazaji alimwomba awaelekezee watazamaji bunduki ili apigwe picha. Mkono ulikataa kuinuka. Badala yake alichuchumaa, akaonyesha jinsi inavyoziba matundu. Walipiga makofi kwa adabu. Hakushinda.

Stacy alimpeleka kula chipsi. Millicent hakuweza kumeza. Alimpigia simu mama yake, Peres, kijijini Ugenya, akinuia kumweleza kila kitu.

"Sauti yako ina nini?" Peres aliuliza.

"Hakuna, Mama. Niambie, mvua imenyesha huko?"

Mama yake akaanza kumsimulia habari za mvua, na Millicent akasikiliza, machozi yakimdondoka mezani.