Kayamba na Sauti ya Panki

Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, binti yangu, mwimbaji wa pop isiyofanana na ya wengine, aliyekuja kutoka Mbeya, aliimba na kwaya yetu ya Kihesa. Siku moja kabla, alinisikilizisha muziki wa panki kwenye simu: magitaa yanayokwaruza na watu wanaopiga kelele.

“Hawa hawajui kuimba,” nilimwambia. Mimi niliyesoma muziki ukubwani hupenda kila noti ikae mahali pake.

“Ndiyo maana nawapenda, mama. Wamenifundisha kutoipamba sauti.”

Jioni hiyo mwalimu wa kwaya alimsikia mazoezini, akanivuta kando. “Mama, akikwaruza hivyo kesho, simamisha kayamba.” Mpigaji nilikuwa mimi, na kwetu kayamba likinyamaza, wimbo umekwisha.

Kesho yake kanisani, ubeti wa kwanza aliuimba kwa upole. Wa pili ulihusu kaburi, naye akautoa kwa sauti ya kuchanika, kama alivyolia siku tulipomzika baba yake. Mwalimu alinigeukia, akashusha mkono. Wazee wa kanisa walinikazia macho. Mimi niliendelea kutikisa kayamba mpaka binti yangu alipoufikisha wimbo mwisho.