Jagi la Umeme Nililowapelekea Wakwe

Tulipofunga ndoa, mume wangu alinipeleka kwao, kijijini mbele ya Inyonga, nikae kidogo nizoeane na wazazi wake. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nikanunua jagi la umeme la kuchemshia maji kwenye maduka ya Kashaulili, mjini kwetu, linang'aa, maana niliambiwa mama mkwe anasumbuliwa na moshi wa kuni. Kwao wanatumia sola: betri moja na inveta ndogo, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa mjini. Mimi nimekulia mjini, mtaa wa Kawajense. Kwangu umeme ulikuwa umeme tu.

Nilimkabidhi mama zawadi yake mbele ya mawifi na majirani waliokuja kuchaji simu. Wakapiga vigelegele.

"Haya mkwe," mama akasema, "tuchemshie chai tuone."

Nikajaza maji, nikachomeka. Inveta ikapiga kelele, halafu pa! Redio ikanyamaza, simu zikaacha kuchaji, ikabaki harufu ya plastiki. Nilisimama pale nimeshika kifuniko, sijui nikiweke wapi. Wifi mmoja akatoka haraka, na nikamsikia akicheka nyuma ya ukuta.

"Ni betri," mama mkwe akawahi kusema. "Betri yenyewe imezeeka."

Alijua si kweli, na mimi nilijua kwamba anajua. Nikaligeuza jagi kusoma kitako chake: wati elfu moja na mia nane. Inveta imeandikwa wati mia tatu. Hesabu hizo nilizifanya sekondari nikapata vema nyingi. Uso ukaniwaka.

Baba mkwe alikuwa amefungua kiboksi cha fyuzi. "Kumbe ni hii tu imeungua," akasema, akachomoa waya mnene mfukoni. "Naweka huu. Huu hauungui. Mkwe hawezi kutuletea kitu kizuri kikakaa bure."

Mume wangu alikuwa anamshikia bisibisi. Mkwe mgeni hampingi baba wa nyumba mbele za watu. Lakini nyaya za betri zilikuwa nyembamba, zimepita juu, karibu na nyasi za paa. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe, usiweke huo waya. Betri ni nzima. Kosa ni la jagi langu."

"Kosa gani? Mjini si linachemsha?"

"Linachemsha, baba. Mjini umeme unasukumwa na volti mia mbili thelathini, kwa hiyo ampea kama nane zinatosha. Betri yako inasukuma volti kumi na mbili tu. Wati ni volti mara ampea. Volti zikipungua, ampea lazima ziongezeke. Jagi hili linadai ampea mia moja na hamsini kutoka kwenye betri."

"Na hizi nyaya zitakataa kuzipitisha?"

"Zitajaribu, na hapo ndipo penye hatari. Kila waya una ukinzani, na ukinzani unageuza umeme kuwa joto. Ampea zikiwa mara sita, kama hapa, joto linakuwa mara thelathini na sita. Fyuzi imeungua ili nyumba isiungue."

Baba akatazama juu kwenye nyasi. Akaurudisha waya mfukoni, akamtuma mume wangu kwa pikipiki akanunue fyuzi ya kipimo kilekile. Majirani nao wakamgeukia mama mkwe, aliyesema ni betri. Akainamisha kichwa, akawa anakaza kanga yake kiunoni. Wala hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anapuliza moto, machozi ya moshi yanamtoka.

"Mama, samahani. Nimekuumbua."

"Nilitaka kukusitiri," akasema bila kugeuka. "Ila ungenyamaza, tungeungua. Nyie wa mjini mna mambo."

Sikujua kama amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Jagi alilifunga mwenyewe kwenye mfuko wetu siku tulipoondoka. Lakini siku ile ya fyuzi, pale jikoni, alinimiminia chai kwenye kikombe cha wageni, akaweka asali, akanisogezea. Nikainywa nimeangalia chini, na redio ilipoanza kuongea tena ndani, mama akaniongezea chai.