Jumamosi za Dada

Kwa miaka mingi Jumamosi yangu ilikuwa ya dada yangu. Nilikuwa natoka Tabata asubuhi, nikifika kwake Gongo la Mboto namkuta ameshawasha jiko. Anakaanga mihogo na ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, chumvi na pilipili pembeni, tunakaa barazani tukila na kuusengenya ukoo mzima hadi jioni.

Kisha nikakutwa na presha. Daktari, kijana wa rika la wanafunzi niliowafundisha zamani, akaniambia nimeze dawa kila siku, nitembee kila jioni, chumvi niipunguze sana, na samaki wa chumvi na vyakula vya kukaanga niviweke mbali. Mimi ni mwalimu. Nikiambiwa jambo nalishika. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na hotipoti yangu ya ndizi za kuchemsha na mchicha. Dada akaitazama, akanisogezea sahani. Siku ile tuliongea habari za mvua tu.

Baada ya hapo nikaanza kutoa udhuru. Mara nasahihisha mitihani, mara nina kikao. Ukweli ni kwamba harufu ya jiko lake ilikuwa inanishinda.

Presha ikashuka. Daktari alinisifu, nami nikajikuta machozi yananitoka. Aliponiuliza, nikamweleza yote. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, nilikukataza chumvi. Sikukukataza dada."

Nilipotoka tu nikampigia dada simu kumwambia Jumamosi naja. Akanijibu yuko Songea, wiki ya pili sasa. Amerudi kuangalia nyumba ya wazazi. Nikamuuliza mbona hakuniaga.

"Mie nilidhani umenikinai, mdogo wangu," akasema. "Ulikuja kwangu na chakula chako kama mgeni anayeogopa kurogwa."

Nilimwomba radhi, naye akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Sasa kila Jumamosi tunaongea kwa simu nikiwa natembea. Wakati mwingine ananisimulia anachopika, halafu ananyamaza ghafla kana kwamba amenikosea. Namwambia aendelee.

Likizo, nitakapomfuata Songea, bado miezi miwili. Juzi aliniambia amekwenda zahanati ya kule kumuuliza nesi mtu mwenye presha anapikiwa nini, na ameandika kila kitu. Akaanza kunisomea: maharage ya kuchemsha, maboga, samaki wabichi wa ziwani kwa ndimu na tangawizi. Nikasimama kando ya barabara nikimsikiliza, hadi dakika zikamwishia.