Ugonjwa wa Mkimbiaji

Juzi, kwenye dirisha la dispansari hapa Kalemie, mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Manono aliinua kitenge akaonyesha muundi wa mguu uliovimba.

"Ulianguka, Mama?" muuguzi akauliza.

"Hapana, Papa. Nilikimbia tu, mutoto ku mugongo. Siku ya tatu miguu ikawa kama ya muntu mwingine, inapiga chini pu, pu."

"Hii ni ugonjwa ya wakimbiaji wa mbio. Misuli ikichoka haizuii tena kishindo. Mufupa njo unakipokea, unapasuka. Upumzike, usikimbie tena."

"Hiyo uwaambie wenye bunduki."

Muuguzi akainamia rejista. Chini ya "chanzo" palikuwa na nafasi ya baiskeli, ya moto, hata ya mbwa. Ya vita hakuna. Alifikiri kidogo, akaandika: michezo.